Orodha Isiyo na Sababu: Uhakiki wa Vitabu vya Makosa ya Kawaida ya Kiingereza katika Mazingira ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Vitabu na vijitabu vinavyoorodhesha makosa ya kawaida ya Kiingereza ni miongoni mwa zana zinazotegemewa na walimu wa lugha hiyo katika Afrika Mashariki. Makala hii inahakiki utanzu huo kwa kupima kile unachokieleza na kile unachokiacha. Hoja kuu ni kwamba orodha hizo hutia katika kapu moja mambo matatu yenye asili tofauti: uhamishaji kutoka lugha ambazo mjifunzaji anazijua tayari, hatua za kawaida za ujifunzaji, na matumizi ya Kiingereza yaliyokwisha kukita mizizi katika eneo hili. Kwa kuwa hazitaji sababu, haziwezi kumwelekeza mwalimu asahihishe nini, kwa njia gani na kwa uzito gani. Makala inapendekeza kuwa sarufi ya Kiswahili na ya lugha nyingine za eneo iwe msingi wa usahihishaji, na kwamba mitihani itenganishe kosa la lugha na kosa la maarifa.

Maneno muhimu: uchanganuzi wa makosa, uhamishaji, Kiswahili, Kiingereza, upimaji

1.0 Utangulizi

Mwaka 1936 kampuni ya Longmans ilichapisha kitabu cha T. J. Fitikides kiitwacho Common Mistakes in English. Kitabu hicho kimetolewa matoleo mengi, na kimekuwa kielelezo cha utanzu mzima. Mpangilio wake ni rahisi: makosa yamegawanywa katika maumbo yaliyotumiwa vibaya, maneno yaliyoachwa, maneno yasiyohitajika, maneno yaliyowekwa mahali pasipo pake, na maneno yanayochanganywa maana. Kila kosa hupewa umbo lisilokubalika, kisha umbo linalokubalika. Kwa ufupi, mjifunzaji huambiwa: usiseme vile, sema hivi. Mtindo huo ungali unaonekana katika vijitabu vya maandalizi ya mitihani na kwenye mbao za madarasa mengi ya Kiingereza.

Haifai kuudharau utanzu huu. Kwanza, ulizaliwa kutokana na kazi ya darasani kabla isimu haijapata nadharia ya kuyaeleza makosa ya wajifunzaji. Pili, unamheshimu msomaji anayejifunza peke yake, asiye na mwalimu wala maktaba. Tatu, ni wepesi wa kutumia: mwalimu mwenye darasa kubwa na kipindi kifupi anaweza kuchukua makosa matano, akayafafanua, akatoa zoezi. Uhakiki usiotambua manufaa haya utakuwa unampigia kelele mwalimu kwa kosa la kutumia alichonacho.

Hata hivyo, zana hupimwa kwa kazi inayopewa. Katika Afrika Mashariki, orodha za makosa hazitumiki kufundishia tu, bali zimekuwa kipimo cha nani anajua na nani hajui. Nchini Tanzania, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu 1967, ilhali sekondari zimeendelea na Kiingereza. Nchini Rwanda, uamuzi wa 2008 uliiondoa shule katika Kifaransa na kuiingiza katika Kiingereza. Katika mazingira hayo, kosa la Kiingereza linaweza kumgharimu mwanafunzi alama katika biolojia, historia au jiografia. Ndiyo maana swali la kosa ni nini, na linatoka wapi, haliwezi kuachwa liwe la walimu wa Kiingereza peke yao.

2.0 Kosa na Mtelezo

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Corder (1967) alifika karibu na hekima hiyo kwa njia ya isimu alipotenganisha mtelezo, ambao msemaji anaweza kuurekebisha mwenyewe akipewa nafasi, na kosa, ambalo linatokana na mfumo wa lugha aliojijengea mjifunzaji kufikia hatua hiyo. Selinker (1972) aliupa mfumo huo hadhi ya lugha ya mpito, yaani lugha yenye kanuni zake, isiyo lugha ya kwanza ya mjifunzaji wala si lugha anayoilenga. Kabla yao, Lado (1957) alikuwa amependekeza kuwa kulinganisha lugha mbili kunaweza kuonyesha mapema mahali ambapo mjifunzaji atapata ugumu.

Michango hii mitatu imefundishwa katika vyuo vikuu vya eneo hili kwa muda mrefu, lakini haijaigusa sana orodha ya makosa. Orodha bado hulitazama kosa kama uchafu wa kufutwa. Isimu inasema kinyume: usione vyaelea, vimeundwa. Sentensi isiyo sahihi imeundwa kwa kanuni fulani, na kazi ya mwalimu ni kuitambua kanuni hiyo kabla ya kuibadilisha.

3.0 Makosa Yenye Sarufi ya Kiswahili

Mfano unaojulikana zaidi ni wa viwakilishi vya nafsi ya tatu. Mjifunzaji husema "My mother is sick, he is in hospital", na darasa hucheka. Orodha itasema kwamba "he" ni ya mwanamume na "she" ni ya mwanamke. Lakini mjifunzaji huyo, akiulizwa, ataeleza tofauti hiyo bila kusita. Anachokosa si maarifa. Katika neno "anaumwa", kiambishi a- hakisemi kama anayeumwa ni mama au baba. Kiingereza kinamdai msemaji habari ambayo Kiswahili hakijawahi kumdai mahali hapo pa sentensi. Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda navyo havidai habari hiyo. Wala Kijaluo, kisicho cha Kibantu, hakiidai. Kwa msemaji wa lugha hizi, jambo linalohitaji mazoezi ni kuzoea kutazama jinsia kabla ya kutamka kiwakilishi. Kurudiarudia kanuni ambayo tayari anaijua hakumsaidii.

Mfano wa pili ni wa sentensi kama "The book which I bought it is lost". Katika orodha, "it" huwekwa chini ya maneno yasiyohitajika. Katika Kiswahili, hata hivyo, "kitabu nilichokinunua kimepotea" ni sentensi nzuri, na ndani yake kiambishi cha yambwa -ki- kimekaa sambamba na kirejeshi -cho-. Mjifunzaji ameitafsiri sarufi yake kwa uaminifu mkubwa. Akionyeshwa kwamba Kiingereza huacha wazi nafasi ambayo Kiswahili huruhusu ijazwe, ataelewa kwa nini neno lile halihitajiki, naye ataweza kulitambua kosa katika sentensi nyingine ambazo orodha haikuzitaja.

Vibainishi vya Kiingereza, "a" na "the", huonyesha vizuri zaidi kile kinachopotea sababu isipotajwa. Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina vibainishi hivyo, kana kwamba msemaji wake hana dhana ya kitu mahususi na kitu chochote. Si kweli. "Nimesoma kitabu" na "nimekisoma kitabu" hazilingani: ya pili huelekea kwenye kitabu ambacho msemaji na msikilizaji wanakifahamu. Kwa nomino zenye uhai hali ni tofauti, kwa kuwa kiambishi cha yambwa hutumika hata pasipo umahususi, lakini kwa nomino zisizo na uhai tofauti hiyo iko hai katika masikio ya kila mzawa wa lugha. Dhana ambayo Kiingereza huiweka mbele ya nomino, Kiswahili kinaweza kuiweka ndani ya kitenzi. Mwalimu anayelijua hilo ana mahali pa kuanzia. Mwalimu mwenye orodha tu hana ila kusema "hapa weka the".

Katika msamiati hali ni hiyohiyo. "Niazime kalamu yako" na "nimeazima kalamu yake" hutumia kitenzi kimoja kwa anayetoa na anayepokea, na hapo huzaliwa "Borrow me your pen". Kitenzi "kusikia" kinabeba sauti, harufu, njaa na maumivu, na hapo huzaliwa "I hear a bad smell". Redio hufunguliwa na kufungwa, na hapo huzaliwa "Open the radio". "Mkubwa kuliko mimi" haihitaji kivumishi kibadilike umbo, na hapo huzaliwa "He is big than me". Orodha huyatawanya makosa haya katika kurasa tofauti, chini ya vichwa tofauti. Sarufi ya Kiswahili huyakusanya.

4.0 Makosa Ambayo Kiswahili Hakina Hatia Nayo

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba makosa yote ni uhamishaji. Hitimisho hilo lingekuwa kosa la pili, na limewahi kutumiwa vibaya kudai kwamba Kiswahili ndicho kinachoua Kiingereza. Ushahidi wa lugha zenyewe unalikataa dai hilo.

Chukua sentensi "She go to school every day". Kiambishi -s kimeachwa. Ikiwa sababu ni Kiswahili, basi kosa hili lisingepaswa kutokea hata kidogo, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili hupatana na nafsi ya kiima karibu kila mahali: ninakwenda, unakwenda, anakwenda, wanakwenda. Mzungumzaji wa lugha yenye upatanisho mwingi hivyo anaangusha upatanisho mdogo wa Kiingereza. Wajifunzaji wa mataifa mengine huangusha -s hiyohiyo, wakiwemo wasemaji wa Kihispania, chenye upatanisho, na wa Kichina, kisicho na upatanisho. Sababu imo katika Kiingereza chenyewe, ambacho kimebakiza alama moja katika nafsi moja ya wakati mmoja.

Vivyo hivyo kwa maumbo kama "goed" na "buyed". Huu ni ujumlishaji wa kanuni kupita kiasi, na watoto wadogo ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza hupitia hatua hiyohiyo. Mwanafunzi wa Morogoro anayeandika "buyed" anaonyesha kwamba ameijua kanuni ya wakati uliopita. Kilichobaki ni kujua vitenzi visivyoifuata. Kumwadhibu kana kwamba amerudi nyuma ni kuisoma vibaya dalili ya maendeleo.

Kwa hiyo, "he" iliyotumiwa kwa mama na "she go" zinaweza kukaa ukurasa mmoja wa orodha, na hata katika sentensi moja ya mwanafunzi, lakini tiba zake hazifanani. La kwanza linahitaji mazoezi ya kulinganisha lugha. La pili linahitaji muda, usomaji mwingi na kusikia lugha ikitumika.

5.0 Orodha Inapovuka Mpaka

Udhaifu wa orodha moja kwa wajifunzaji wote huonekana waziwazi inapotoka Dar es Salaam au Nairobi kwenda Kigali, Bujumbura au Bukavu. Huko, baina ya lugha ya nyumbani na Kiingereza kuna tabaka la Kifaransa. Mjifunzaji husema "I assisted at the meeting" akimaanisha kwamba alihudhuria mkutano, au hutumia "actually" akimaanisha "kwa sasa". Hakuna sababu ya Kiswahili hapo. Kijitabu kilichotungwa kwa ajili ya mwanafunzi wa Tanzania kitayakosa makosa haya, na mwalimu asiyejua Kifaransa atayaona kuwa ni uzembe.

Mfano wenye mafunzo makubwa zaidi ni "I have twenty years". Kifaransa humhesabia mtu umri kwa kitenzi cha kuwa na kitu. Kiswahili hufanya hivyo: "nina miaka ishirini". Kirundi na Kinyarwanda navyo hufanya hivyo. Mwanafunzi wa Bujumbura anayejua lugha tatu kati ya hizo anasukumwa na zote kwa pamoja kuelekea sentensi ileile ya Kiingereza. Kuuliza ni lugha ipi iliyomponza ni kuuliza swali lisilo na jibu moja. Hapa ndipo nadharia ya Lado inapohitaji kupanuliwa: mjifunzaji wa eneo hili hana lugha ya kwanza moja inayokabiliana na Kiingereza, bali ana hazina ya lugha.

Kwa mtunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jambo hili lina uzito. Jumuiya sasa ina nchi wanachama ambazo shule zake zimerithi Kiingereza, nyingine Kifaransa na nyingine Kiarabu. Kiswahili ndiyo lugha ambayo inaweza kutumika kueleza tofauti hizi kwa walimu wa nchi nyingi kwa wakati mmoja. Kulitumia hivyo si kukiondolea Kiingereza nafasi yake.

6.0 Kosa au Desturi

Kundi la tatu ni la matumizi ambayo si makosa ya mjifunzaji hata kidogo. Mtu akijikwaa, mpita njia humwambia "Sorry", ingawa hakumsukuma. Neno hilo linafanya kazi ya "pole", na Kiingereza cha Uingereza hakina neno moja linalotosha pengo hilo. Nchini Uganda, aliye kazini huambiwa "Well done" kabla hajamaliza, kama "gyebale ko" ya Kiganda inavyotaka. Rafiki aliyeadimika huambiwa "You are lost", yaani "umepotea". Watu wazima wenye elimu, wanaojua vizuri Kiingereza cha vitabuni, husema hivyo kila siku na huelewana.

Mjadala wa Quirk (1990) na Kachru (1991) ulikuwa juu ya suala hili: je, matumizi ya aina hii yapimwe kwa kigezo cha Uingereza au yatambuliwe kama sehemu ya Kiingereza cha mahali? Msimamo wa Quirk una nguvu pale ambapo mwanafunzi atahitaji kuandika kwa wasomaji wa mbali. Lakini mtunga orodha anayeweka "Sorry" ya pole pamoja na "goed" hajachagua upande katika mjadala huo. Hajaona kwamba upo.

Uamuzi wa lipi limekuwa desturi haufai kutegemea sikio la mtunzi mmoja. Mradi wa International Corpus of English umekusanya matini za Kiingereza cha Afrika Mashariki kutoka Kenya na Tanzania, na hazina ya namna hiyo huwezesha kuona tamko linatumiwa na nani na katika muktadha gani. Rwanda, Burundi na Kongo hazimo katika mkusanyiko huo. Pengo hilo ni kazi ya wazi kwa vyuo vikuu vya nchi jirani.

7.0 Uzito wa Kosa

Katika orodha, kila kosa hupata mstari wake, na mistari yote ni sawa. Katika maisha, makosa hayana uzito sawa.

Muuguzi mgeni akimwuliza mgonjwa "Haven't you taken the tablets?" na mgonjwa akajibu "Yes", muuguzi ataandika kwamba dawa imemezwa. Mgonjwa amejibu kwa mantiki ya Kiswahili: "Ndiyo, sijameza". "Ndiyo" ya Kiswahili inakubaliana na kauli iliyomo katika swali. "Yes" ya Kiingereza inathibitisha tendo. Shahidi mahakamani anaweza kunaswa na mtego huohuo. Vivyo hivyo kwa anayeambiwa aje "at two" akasikia saa mbili asubuhi. Hakuna kosa la tahajia wala la upatanisho katika mifano hii. Sentensi zote ni sahihi kisarufi. Hata hivyo madhara yake yanaweza kuzidi ya vibainishi mia vilivyosahauliwa.

Mtihani unaonyesha upande wa pili. Mtahiniwa wa biolojia aandikapo "Heart pump blood to all part of body", ameacha vibainishi, upatanisho na wingi, lakini anaijua kazi ya moyo. Mwenzake aandikapo "The heart pumps blood to the lungs through the aorta", sarufi yake haina doa, ila amekosea: aota hupeleka damu mwilini, si kwenye mapafu. Msahihishaji aliyelelewa na orodha ya makosa ataona wekundu mwingi katika jibu la kwanza na weupe katika la pili. Ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 ilikwisha kuonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari Tanzania hakikutosha kusomea masomo mengine. Ikiwa hivyo ndivyo, basi upimaji usiotenganisha lugha na maarifa unapima kitu kimoja mara nyingi, na kukiita majina tofauti.

Inaweza kujibiwa kwamba mwanafunzi atakwenda kushindana duniani, na dunia haitamwonea huruma. Hoja hiyo ni ya haki kwa somo la Kiingereza, ambapo usahihi ndio unaopimwa. Haiwezi kuwa hoja ya kumnyima alama ya moyo na damu mtu aliyezijua.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu haudai kwamba orodha za makosa zichomwe. Unadai kwamba ziandikwe upya, zikiwa na safu ya tatu. Mbali na umbo lisilokubalika na linalokubalika, pawe na sababu: imetoka lugha ipi, au ni hatua ya ujifunzaji, au ni desturi ya eneo. Kutokana na hoja zilizotolewa, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, mafunzo ya walimu wa Kiingereza katika nchi za Jumuiya yajumuishe sarufi ya Kiswahili kwa kina, hasa viambishi vya nafsi na vya yambwa, urejeshi na mnyambuliko wa vitenzi. Mwalimu asiyejua "nilichokinunua" imeundwaje hawezi kueleza kwa nini "which I bought it" si sahihi.

Pili, vitabu vinavyokusudiwa kutumika Rwanda, Burundi na Kongo vitungwe na watu wanaojua tabaka la Kifaransa na lugha za nyumbani za huko, badala ya kusafirisha orodha za nchi nyingine.

Tatu, mabaraza ya mitihani yatoe mwongozo wa usahihishaji unaotenganisha kosa la lugha na kosa la maarifa katika masomo yasiyo ya lugha.

Nne, mafunzo ya watumishi wa afya na mahakama yatilie mkazo makosa machache yenye madhara makubwa, hususan majibu ya maswali kanushi na hesabu ya saa.

Kwa miongo mingi mwanafunzi wa eneo hili amefundishwa kukiona Kiswahili kama kikwazo cha Kiingereza chake. Mifano iliyochambuliwa inaonyesha kwamba mahali pengi Kiswahili ndicho kinacholieleza kosa hilo vizuri kuliko kitabu chochote cha Kiingereza. Anayelijua chimbuko la kosa lake hahitaji kuliogopa.